Sadaka kwa Wasio Ndugu Zetu

Chemchem,
S.L.P. 37,
Tabora.
19 Septemba 1954

Mpendwa wifi yangu Josepha,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama hapo Bagamoyo, wewe na mjukuu wako Apolinaria, ambaye najua ndiye anayekusomea. Miguu inaendeleaje? Na macho? Katika barua yako ya Pasaka ulisema ukungu umeanza kuingia hata jicho la kulia. Nimekuombea kwa Mtakatifu Lusia, na mshumaa niliowasha ni wa nta yetu wenyewe, si wa kununua.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Jua ni kali mno mwaka huu. Majani yamepukutika, upepo unazoa vumbi tangu asubuhi, na kila mtu anatazama juu kutafuta wingu ambalo halipo. Hata hivyo njaa hatuna. Mihogo ipo, karanga zipo, mahindi ndiyo tunanunua.

Imakulata wetu amejifungua mtoto wa kike kule Usoke, na amempa jina lako. Mkunga anasema hajapata kusikia kichanga chenye sauti kubwa namna ile. Nikamwambia huyo amemfuata Josepha wa Bagamoyo, ingawa mkunga hakujui. Nilicheka peke yangu ndani ya treni njia nzima ya kurudi. Nakuambia hili mapema, wifi, kwa sababu ndilo jambo la furaha nililo nalo.

Apolinaria mwanangu, kuanzia hapa soma polepole. Bibi akikuambia unyamaze, nyamaza kwanza, halafu uendelee.

Nakuandikia habari za mdogo wako Tobias, naye hajui kuwa nakuandikia.

Unakumbuka alivyoanza biashara ya nta pamoja na Nassibu, yule mtoto wa fundi cherehani wa Ng'ambo. Wananunua nta na asali kwa warina asali wa porini, wanaichemsha, wanaichuja, wanaipeleka Dar es Salaam. Walipopata lori, Bwana Narendra aliwashauri waiandikishe iwe kampuni. Huyu Narendra ni Mhindi mwenye duka la karatasi hapa mjini, na jioni huwatengenezea watu hesabu za serikali. Basi ikawa kampuni, na Tobias akataka jina la baba yenu liwe juu ya mlango. Kampuni ikaitwa Kashindye na Nassibu. Tangu siku ile lori ni la kampuni, mapipa ni ya kampuni, hata mfuko wa Tobias ni kama wa kampuni. Mwenyewe hujilipa mshahara akikumbuka, na hakumbuki mara nyingi.

Mwaka jana mvua zilipokwisha, walinunua kiwanja nje ya mji, kando ya ile njia ya zamani ya misafara ya pwani, wajenge ghala. Vibarua wakaanza kuchimba msingi. Hata haujafika magotini, jembe la mmoja wao likagonga mfupa. Walidhani ni ng'ombe. Wakachimba kidogo pembeni, wakaona ni mtu, na kando yake mtu mwingine, na mwingine. Walilala bega kwa bega, hakuna sanda wala jamvi, kama watu waliosogeleana kwa sababu ya baridi. Kadiri walivyofukua ndivyo walivyoendelea kuonekana. Vibarua wakatupa majembe, wakakaa mbali.

Tobias akamwita Mzee Lugembe, ambaye ujanani alikuwa mpagazi wa misafara, na sasa analima bustani yake ya mboga karibu na mto. Mimi nilikuwapo. Mzee alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu, ameegemea fimbo. Kisha akasema hapo palikuwa kambi ya ndui. Msafara ukiingiwa na ndui haukuruhusiwa kupita mjini. Wagonjwa waliwekwa pale na chungu cha maji, na wenzao wakaendelea na safari.

"Tuliwaambia tutarudi kuwachukua," akasema.

Tobias akamwuliza, "Mlirudi?"

Mzee Lugembe akajifunga upya shuka lake begani. "Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa na mzigo."

Sasa wifi, habari za baba yenu wewe ndiye unayezijua. Mimi nilizipata kwa mama mkwe tu, Mungu amrehemu. Alinieleza kwamba Mzee Kashindye aliondoka kwenda pwani na pembe za ndovu za watu wengine, Tobias akiwa tumboni, na wewe ukiwa msichana wa kuteka maji kwa kibuyu kidogo. Wenzake waliporudi walisema neno moja tu, kwamba alibaki nyuma. Mama hakunyoa nywele za msiba, maana hakuna aliyemwambia kuwa mumewe amekufa. Hakuolewa tena, maana hakuna aliyemwambia kuwa hana mume. Alikufa anangoja.

Siku ile ya mifupa Tobias alirudi nyumbani akakaa mezani, chakula kikapoa mbele yake. Akaniuliza, "Leonia, kama alibaki nyuma, alibaki wapi?" Nikaondoa sahani.

Nassibu alifanya kama mtu mzima. Alisema, "Hawa ni wageni wa Mungu, na sisi ndio wenye kiwanja. Kampuni itawazika." Wakaacha habari ya ghala. Wakanunua majora ya kitambaa cha marekani kwa sanda, wakalipa wachimbaji, wakazungushia ukuta wa mawe, na sehemu ile ya kiwanja wakaitoa kwa serikali ya wenyeji iwe makaburi ya watu wote. Kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua nani alisali vipi, padri alikuja na shehe akaja, siku moja, kila mmoja akasoma ya kwake. Fedha zote zilitoka katika kampuni, na Narendra akaziandika kuwa ni sadaka.

Nilitegemea kwamba wakishazikwa watatulia. Haikuwa hivyo.

Upande wa pili wa kiwanja kampuni ilijenga banda dogo la kuchemshia nta. Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja anayekoroga mapipa. Alisema saa za adhuhuri, watu wakiwa wamepumzika na moto umepunguzwa, anasikia mtu akikohoa upande wa ukuta wa mawe. Wakamcheka. Baadaye hawakucheka tena, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kula chakula chao barabarani.

Mimi sikuamini mpaka nilipopeleka chakula mwenyewe. Nilikuwa na kikapu kichwani, jua liko utosini, kivuli kiko chini ya miguu yangu. Kwanza nilisikia pumzi, kama ya watu wengi waliotembea mbali. Kisha nikasikia mzigo ukitua chini. Unaijua sauti ile, kishindo kizito halafu mtu anashusha pumzi. Ukatua mwingine. Na mwingine. Ulikuwa msafara mzima unawasili, wifi, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila mawe na majani makavu. Nilisimama pale na kikapu changu mpaka wa mwisho akatua.

Tobias nilimkuta amekaa juu ya jiwe ndani ya ukuta. Hakuwa na hofu hata kidogo. Akapokea kikapu, akanawa, akala akamaliza. Akasema, "Wamefika," kama unavyosema wageni wamefika.

Kuanzia hapo akawa anakula pale kila siku. Akanenepa. Jioni alirudi akiimba. Watu walisema Bwana Tobias ameanza kuchanganyikiwa, lakini mimi niliyelala naye nakuambia sijapata kumwona ametulia kama miezi ile. Mtu aliyezaliwa bila baba huwa na jambo fulani machoni, hata akizeeka. Jambo lile lilikuwa limemtoka. Hakusema kuwa baba yenu yumo. Hakuwahi kusema. Nami sikumwuliza, kwa kuogopa kuliharibu.

Ndipo ikaja habari ya kodi.

Serikali iliandika kuuliza juu ya ile sadaka. Narendra akaja nyumbani mwenyewe, akakaa barazani, akatueleza polepole kama anavyoeleza mtu mwenye subira. Kampuni hulipa kodi juu ya faida yake. Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya umma, au kwa maskini wasio na uhusiano na wenye kampuni, inaweza kuondolewa katika faida kabla kodi haijakatwa. Hiyo haina taabu.

"Lakini Mama Imakulata," akaniambia, "kampuni ikimpa mtu wa nyumbani kwako, hiyo si sadaka. Ni wewe umeingiza mkono katika kampuni ukachukua. Hapo kampuni inatozwa, halafu mumeo anatozwa tena yeye mwenyewe, kama aliyepokea."

Nikamwuliza wafu wanaingiaje hapo.

"Kumzika baba yako ni wajibu wako," akasema. "Kumzika baba wa mtu mwingine ni sadaka. Wanataka kujua hawa ni akina baba wa nani."

Tobias alikuwa amekaa kizingitini, anasikiliza.

Bwana wa kodi alikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam kwa mashauri ya wafanyabiashara kadhaa, na sisi tukaitwa. Nilifuatana nao kwa sababu Tobias alitaka niwepo. Tulikuwa Tobias, Nassibu, Narendra na mimi. Bwana yule hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alituamkia vizuri, akaniletea kiti, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kujifunza kitabuni, kila neno limesimama peke yake.

Akasema, "Bwana Tobias, sikuja kuchukua makaburi. Jambo mlilofanya ni jema. Nauliza swali moja tu. Hawa waliozikwa, ni jamaa zako?"

"Sijui, bwana."

Akamgeukia Nassibu. "Na wewe?"

"Wazee wangu wako makaburi ya Ng'ambo, nawajua mmoja mmoja," Nassibu akajibu. "Hawa si wangu."

"Basi amebaki Bwana Tobias."

"Baba yangu alipita njia ile," Tobias akasema. "Alibaki nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Hilo ndilo ninalouliza tangu nipate akili."

Bwana yule akaweka kalamu chini. Nilimwona amesikia. Akatazama dirishani kidogo, kisha akasema kwamba katika karatasi yake hakuna mahali pa kuandika sijui. Pana mahali pa ndiyo, na mahali pa hapana. Ikiwa ndiyo, kampuni imemzikia mwenye kampuni jamaa zake, na kodi itatozwa pande zote mbili. Ikiwa hapana, ni sadaka, na shauri limekwisha.

"Hakuna anayekutaka useme uongo," akamwambia. "Tutaandika hivi: kwa kadiri nijuavyo. Je, unajua kwamba yumo?"

"Sijui kwamba yumo."

"Basi kwa kadiri ujuavyo, hayumo."

Tobias akasema, "Bwana, mbona ukigeuza maneno hayo yanakuwa kitu kingine?"

Hapo Nassibu alimshika mkono. Nakuomba usimlaumu, wifi, kwa maana alisema kwa uchungu na kwa haki. Alimwambia kwamba kodi ikitozwa pande zote mbili lori litauzwa. Warina asali hawatakuwa na njia ya kufikisha nta mjini. "Watabeba vichwani," akasema. "Watu wetu watarudi njia ile ile na mizigo kichwani, kwa sababu ya wale waliokwisha kufa nayo. Ndugu yangu, wafu hawasomi karatasi. Weka saini."

Tobias akanitazama. Sikumwambia weka, sikumwambia usiweke. Nilikuwa nawafikiria wale watu wa porini, na wake zao ninaowajua.

Karani akaandika, akaisoma kwa sauti: kwamba mimi ninayetia saini hapa chini natamka kuwa hakuna hata mmoja kati ya waliozikwa katika kiwanja kile aliye na udugu nami, kwa kadiri nijuavyo. Wakamsogezea karatasi. Akaandika Tobias. Mkono ukasimama. Tulikaa sote tunautazama ule mkono. Kisha akaandika Kashindye.

Alimkana baba yake kwa jina la baba yake. Mimi niliona hilo pale pale, na nikaona kuwa naye ameliona.

Shauri likaisha vizuri. Sadaka ikakubaliwa, kodi ikapungua, lori likabaki. Nassibu alichinja mbuzi, warina asali wakaja wakala na kucheza. Narendra akatuletea vitamu alivyopika mkewe Usha. Kila mtu alimpongeza Tobias, naye aliwashukuru mmoja mmoja kwa adabu.

Kesho yake adhuhuri nilipeleka chakula kwenye ukuta wa mawe. Nilijikaza kama kawaida, nikangoja kile kishindo. Hakikuja. Hakuna pumzi, hakuna mzigo, hakuna aliyekohoa. Palikuwa na nzi na upepo tu, na moto ukilia chini ya mapipa. Ungedhani ningefurahi. Lakini wifi, kuna ukimya wa mahali pasipo na mtu, na kuna ukimya wa watu waliokuwa wanazungumza ukaingia wakanyamaza. Mimi nimezijua namna zote mbili sasa.

Tobias alikuwa juu ya jiwe lake, hajanawa mikono. Akasema, "Wamesikia."

Hajala vizuri tangu hapo. Akienda pale anakaa mpaka vivuli virefuke, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni. Wale wafanyakazi wa banda wamerudi kula pale pale karibu na ukuta, wanapiga soga, hawana habari. Yeye huwatazama kwa wivu kwa sababu wao hawakupoteza kitu.

Alikwenda stesheni siku bwana wa kodi alipokuwa anaondoka, akamwomba amrudishie karatasi. Nassibu ndiye aliyenieleza. Bwana yule alimjibu kwa upole kwamba inaweza kufutwa, lakini ikifutwa itakuwa kampuni imetoa maelezo yasiyo ya kweli, na kampuni ni ya watu wawili. Nassibu naye atahojiwa, na hesabu zote zitafunguliwa upya. Tobias akatazama gari moshi likiondoka. Hawezi kumwangusha Nassibu, na Nassibu ana watoto wadogo. Nilimwona alivyorudi. Alipita mlangoni bila kubisha hodi wala kuniamkia.

Padri alimwita, akamwambia ajitulize, Mungu anajua. Tobias akamjibu, "Mungu anajua, padri. Baba hajui." Padri akampa baraka.

Nilidhani huzuni itapita kama zinavyopita nyingine. Lakini juma lililopita nilikwenda na chakula nikamkuta amechuchumaa ndani ya ukuta, na begani ana gunia la nta, lile kubwa lililojaa, ambalo huinuliwa na watu wawili. Sijui alilibebaje kutoka bandani. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Mishipa ya shingo imesimama, na macho ameyaelekeza chini kwenye mawe.

"Tobias, tua," nikamwambia.

"Mtu hajitui mwenyewe," akasema. "Ukifika kambini lazima upokewe. Nimefika, Leonia, na hakuna anayenipokea."

Nikaweka kikapu chini. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono chini ya gunia, nikamtua. Lilinielemea tukaanguka wote wawili, na tukabaki hivyo juani, mtu na mkewe wazee, tumelala kati ya makaburi ya watu tusiowajua. Aliniomba msamaha. Kisha akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza.

Wifi, nimefikiri sana kabla ya kushika kalamu. Najua umri wako, najua miguu yako. Lakini sikiliza ninalokuomba.

Tobias hakumwona baba yake hata siku moja. Akiulizwa yuko wapi, lazima aseme hajui, na serikali imeshampa hapana iwe jibu lake. Mdomo wake umefungwa. Akisema baba pale kwenye ukuta, anamvunja Nassibu. Na hata akisema kwa siri, moyoni anajiona mwongo, maana mkono wake umeandika vingine. Wewe ulimwona Mzee Kashindye. Ulimtekea maji ya safari. Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, na kwa desturi zetu mkubwa ndiye anayetangulia kusema na wazee. Tena wewe huna fungu katika kampuni. Bwana wa kodi hakukuita, karani hakukusomea kitu, na hakuna karatasi yenye jina lako.

Njoo, dada. Nauli nimeiweka kando, imetoka katika kushona kwangu, si ya kampuni, hakuna atakayeuliza ilikwenda kwa nani. Panda lori mpaka Dar es Salaam, na pale mwanao Alois atakupandisha treni. Apolinaria afuatane nawe akushike mkono. Nitakuwa stesheni ya Tabora kila treni inapoingia, tangu mwezi wa Rozari, yaani Oktoba, unapoanza.

Sitakuambia kuwa yumo. Labda hayumo. Labda alibaki Ugogo, au alifika pwani akaoa, na huenda umewahi kupishana na wanawe sokoni bila kujua. Lakini wamelala pale wengi walioambiwa watarudiwa, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa. Nitakupeleka adhuhuri, nitakushika mkono mpaka ndani ya ukuta. Tobias atasimama nje. Usitambike kama unaogopa padri, usiseme maneno mengi. Ita tu "Baba," kwa sauti, kama ulivyokuwa ukiita ulipomwona akitokea njiani. Atakayeitika na aitike. Na kama ni wa mtu mwingine, basi naye ana haki ya kuitwa hivyo mara moja.

Nisalimie Alois na mkewe, na wajukuu wote waliopo hapo. Mwambie mama wa jirani yako, yule aliyenipa mbegu za bamia, kwamba zimeota na tumeshazila. Imakulata anakusalimu, na mtoto Josepha anakusalimu kwa kelele zake. Nassibu pia anakuamkia kwa heshima. Nilimwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie aje. Nitasimama nje na Tobias."

Mungu akunyooshee njia, akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,

Leonia